Kisima Kilichofunikwa kwa Jiwe

Nyati alipong'atuka na Chui akachaguliwa kuwa mkuu wa mbuga, Mhanga, msimamizi wa visima, alijiandaa kukabidhi ofisi. Alipima kina cha kila kisima, akapanga maelezo yake, kisha akangoja.

Mteule wa Chui wa kusimamia visima alikuwa Ngawa, mnyama aliyeshuku kila kitu. Alifika siku ya nne.

"Mheshimiwa, tuanze na kisima kilichofunikwa kwa jiwe," alisema Mhanga. "Maji yake yana sumu."

Ngawa alicheka. "Kumbe ndiko mlikokuwa mnaficha maji! Wewe ni mtu wa Nyati."

"Mimi ni wa visima tu. Nipe saa moja nikueleze."

"Saa moja ya kunijaza uongo? Fungasha uende zako."

Mhanga akaondoka. Mchana uleule Ngawa aliamuru jiwe liondolewe. Maji yalikuwa meupe pe! Alitangaza kwamba utawala mpya umefichua kilichofichwa, na wanyama wakashangilia, wakawasogeza watoto wao wanywe kwanza.

Kabla jua halijazama, Ngawa alifika mbio nyumbani kwa Mhanga.

"Mzee wangu, dawa yake ni ipi?"

"Haina dawa. Ndiyo maana tuliweka jiwe."

"Wanangu wawili nao wamekunywa."

Mhanga alitangulia hadi kisimani, akatazama waliolala pale, akachagua mahali penye udongo laini. Kisha akaanza kuchimba, na alianza na makaburi madogo.