Gari Lilisema Hapana

Siku hizi hakuna kitu kilichokufa kinachofufuliwa kabla ya kuulizwa. Ndiyo sheria. Kwa hiyo Fundi Kizito alichomeka waya wake kwenye gari langu la spoti, lile jekundu la milango miwili nililoshindia mbio za Arusha ujanani, akaliuliza kama linataka kutengenezwa.

"Limesema hapana, mzee."

"Liulize tena! Liambie injini nimepata."

"Tunaruhusiwa kuuliza mara moja tu."

Nilichanganyikiwa. Bodi haina kutu, viti vya ngozi vipo, mimi mwenyewe nipo. Sasa linakataa nini? Nikamgeukia mke wangu, aliyekuwa ameketi juu ya tairi na chupa yetu ya chai.

"Mama Tunu, umesikia maajabu haya? Gari linakataa kuishi!"

Hakucheka. Fundi naye alikuwa akikunja waya wake taratibu, macho yake kwenye kovu la kifuani pangu, mahali nilipowekewa moyo mpya mwaka jana.

Nikafunga kifungo cha shati.

"Mama Tunu, nilipokufa kule hospitali, na mimi niliulizwa?"

"Sheria ni sheria, Baba Tunu."

"Daktari alichomeka waya?"

"Alichomeka."

"Nikasema nini?"

Akainuka, akachukua kitambaa cha fundi, akaanza kufuta kioo cha gari. Kilikuwa safi. Alikifuta hivyo hivyo, amenipa mgongo.

"Nilimpigia daktari magoti," akasema, "akakuuliza mara ya pili."