Kobe Aliyekuwa Akichagua Kazi

Paliondokea kumbikumbi mmoja jike, jina lake Siwatu. Mvua ilipokatika alitoka ardhini, akapukutisha mbawa zake, akaanza kuchimba kando ya Kobe aliyeketi akiwaza.

"Wafanya nini, mjukuu wangu?" Kobe aliuliza.

"Nachimba nyumba, babu. Ndiyo kazi niliyozaliwa nayo."

Kobe alicheka hata gamba likamtikisika. "Kesho utaliwa na kuku! Mimi nina miaka tisini na bado nachagua kazi. Labda ususi. Labda ngoma."

Siwatu alimwogopa sana kuku. Hata hivyo alibandika chembe ya udongo juu ya chembe, bila pupa. Akazaa, na wanawe wakabandika nao. Udongo ukampanda Kobe magotini, ukamfika shingoni, naye angali analinganisha ususi na ngoma.

Siku alipoamua kuwa mkimbiaji, sauti yake ilitokea ndani ya kichuguu. "Jamani, nifungulieni, nimechelewa!"

"Tuwie radhi, babu," Siwatu alimjibu kwa adabu. "Tukikutoa, dari itawaangukia watoto."

Basi Kobe akawa nguzo, kazi ambayo hakuwahi hata kuifikiria.