Pochi Kwenye Kiti cha Pili

Kila Jumamosi, Tunu na mchumba wake Shaibu walitazama filamu moja ya vichekesho, kila mmoja kwenye sinema ya mji wake, kisha wakaizungumzia kwa simu. Kiti cha pili Tunu alikiwekea pochi. Leo Shaibu angekuja kukikalia kwa mara ya kwanza.

Mama mmoja mtu mzima aliiinua pochi, akaketi.

"Samahani, mama. Kiti kina mwenyewe."

"Namjua. Nimemzaa."

Tunu akageuka kumtazama. Ndiye huyu aliyeapa kwamba hataki mkwe wa kutoka mbali!

"Shaibu yuko wapi?"

"Nje. Nimemwambia angoje. Kila Jumamosi hurudi akicheka peke yake. Nimesafiri siku mbili nimwone anayemchekesha."

Taa zikazimwa. Tunu alikuwa akitetemeka. Bila kumtazama, mama akaivua kanga mabegani, akamfunika magoti. Pochi bado aliishikilia.