Aliyebaki Kwenye Picha

Kichujio cha infraredi ninachofunga kwenye lenzi ya kamera ni cheusi ti, kwa hivyo kila picha huchukua nusu dakika. Mchana huo nilikuwa juu ya paa la ploti yetu ya kupanga, nikiupiga picha mtaa wetu wa Mowlem.

Majani yalitoka meupe kama unga. Watu waliokuwa wakitembea barabarani walifutika wote. Alibaki mmoja tu, kando ya kibanda cha mboga, kwa sababu hakutikisika. Alikuwa ameinua uso, akinitazama.

Nikaikuza picha. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Nilihama Eastleigh kuukimbia mkono huo.

Nikachungulia chini. Pale kibandani hapakuwa na mtu.

"Kamene," jirani akaniita kutoka uani, sauti imejaa furaha. "Uko na mgeni. Nimemwonyesha ngazi, anapanda."