Kikombe cha Kwanza

Katika mji wetu wa migodi iliyofungwa, sheria inamtaka muuza dawa za miti shamba anywe dawa yake mwenyewe kwa siku tisini kabla ya kuiuza. Mkononi anavaa bangili inayopima madini ya risasi kwenye damu. Ikiwa kijani, watu wananunua.

Mama mkwe wangu, Nyanzobe, sheria hiyo haikumsumbua. Alisema kwao mpika pombe alionja kwanza ili kutoa uchawi, serikali imechelewa tu kujua.

Kwa miaka kumi na moja alionja kila tuta la mlonge na mwarobaini. Tuta likimpandishia risasi, aling'oa miche yote kwa mkono wake, hata iliyostawi kuliko mingine, akaitupa kwenye shimo la sumu bila kunung'unika. Sijaona mtu mwaminifu kama yeye. Lakini kila asubuhi nilipomwamkia, niliitazama bangili kwanza, uso baadaye.

Jumatatu bangili ikageuka njano. Aliye na njano, risasi imemzidi mwilini, haonji tena. Anarithiwa na mtu wa nyumba yake. Alimaliza kung'oa miche ya tuta lililompandishia, akanawa, akanisogezea kikombe cha dawa ya tuta jipya pamoja na bangili mpya ya kwangu.

"Kama hutaki, Limi, tutafunga. Sitakulaumu."

Nilimtazama, udongo ungali kwenye kucha zake. Nikavaa bangili, nikanywa.

Kesho yake nilipiga goti mbele yake. "Shikamoo, mama."

Akautazama mkono wangu kwanza. Kisha akaitikia.