Alama ya Kiunoni

Kwa mara ya kumi wiki ile Hajar alieleza kuwa ile alama ya buluu kiunoni mwa mwanawe si pigo wala maradhi, na kwamba daktari wa hospitali ya mji wa Ibra kasema itafifia yenyewe kabla mtoto hajaingia skuli.

"Madaktari wa siku hizi!" Mama mkwe wake alikitoa chuma makaani kwa koleo, ncha nyekundu. "Namtia moto kidogo tu, mwanangu, alama iondoke. Hatohisi."

Hajar alichoka kueleza. Alimlaza mtoto, akapandisha mkono wa kanzu, akamnyooshea mkwewe mkono mtupu.

"Haya, mama. Anzia kwangu, tuone kama sitohisi."

Mama mkwe akakizamisha chuma ndani ya beseni la kumwogeshea mtoto, maji yakalia chwaa.

"Una jeuri wewe," alisema, wala hakumtazama usoni.