Pikapu Iliyokataa Kupona

Kabla hata ya kunywa chai, mzee alifungua boneti ya pikapu yake, akaingiza mpira mwembamba kwenye tundu la kupimia mafuta ya gia, akayavuta kwa bomba kubwa la sindano. Mafuta mekundu, safi kabisa, yakajaa chupa ya maji. Akaificha chupa stoo nyuma ya magunia, pamoja na chupa nyingine kama hiyo. Kisha akanawa mikono, akaanza safari ya kwenda kwa fundi kulalamika kwamba mafuta yanapotea.

Usimcheke kwanza.

Gia za otomatiki hazivumilii njaa. Mafuta yakipungua zinateleza: injini inanguruma, gari linabaki palepale, kelele nyingi kazi hakuna. Kilima cha kwendea karakana pikapu ilikipanda kwa kubembelezwa. "Twende, mama, twende," mzee aliisihi huku akipigapiga usukani. "Kidogo tu, tumefika." Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini kusema kweli ilikuwa nzima kuliko yeye.

Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa imenyamaza vibaya. Watoto walipiga simu. "Baba, hujambo? Unakula lakini?" Kisha mtandao ukakatika, au ukakatwa. Ilifika mahali mzee akitoka analiaga jiko.

Mara ya kwanza gia ilipoteleza, iliteleza kweli. Kulikuwa na bomba limelegea. Fundi akalikaza, akaongeza mafuta, na wakati wanasubiri injini ipate moto wakapiga soga mpaka jua likageuka. Mzee alirudi nyumbani akicheka peke yake barabarani. Wiki iliyofuata pikapu ilikuwa nzima, naye hakuwa na pa kwenda. Ndipo alipotafuta ule mpira mwembamba.

Utasema, si angeenda tu kusalimia? Mwanamume mzima aende karakana mikono mitupu, aseme nini? Kwamba nyumbani kwake kunamwogopesha? Thubutu!

Fundi alikuwa mtu wa makamo, aliyebaki peke yake kazini tangu mwenziwe ahame. Kila Jumamosi aliongeza mafuta, akatikisa kichwa. "Hii pikapu yako ina jini, mzee wangu." Hakuwahi hata siku moja kulala chini ya gari kutafuta panapovuja, na mzee alimshukuru Mungu kwa uvivu huo. Kazi ikiisha, walikaa juu ya kiti kilichong'olewa kwenye basi bovu, chai katikati yao, wakibishana juu ya mpira, maradhi ya magoti na watu waliokwisha kufa.

Mambo yaliharibika siku mpiga rangi wa magari wa karakana ya jirani alipotia mdomo.

"Fundi, pikapu hii si ilikuwa hapa juzi tu? Mwaka mzima gia moja inakushinda! Wateja wananiuliza, niwaambie nini?"

Waliokuwapo wakaangua kicheko. Mwenye teksi aliyekuwa akingoja zamu yake akawasha gari, akajiondokea. Fundi akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Mzee akaweka kikombe chini. Kumbe muda wote ule upweke wake ulikuwa ukilipiwa kwa jina la mwenzake! Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu ashindwe kula. Usiku ule akaapa: basi, yatosha. Afadhali yeye akae na jiko lake kuliko fundi afunge karakana.

Jumamosi ilipofika hakuugusa mpira. Aliiacha injini ipate moto, gari likiwa mahali tambarare, akapima jinsi inavyopaswa: akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta, akakirudisha tunduni, akakichomoa tena. Kijiti kilichofutwa bila kurudishwa hakina habari yoyote ya kukupa. Mafuta yaligusa alama ya juu barabara. Mzee akakitazama kwa muda mrefu, kana kwamba huenda kikabadili mawazo.

Njiani alijizoeza maneno ya kuaga. Kilima kilekile pikapu ikakipanda bila kusihiwa, bila hata kukohoa, na machozi yakamlenga mzee. Siku nyingine zote angeipongeza. Leo hakupigapiga usukani.

Fundi alikuwa amesimama langoni. Vikombe viwili vilikuwa vimekwisha kupangwa juu ya pipa, na kile kiti cha basi kimepanguswa vumbi. Alikuwa ameusikia mlio wa injini tangu chini ya kilima, na uso wake ulikuwa umesawijika.

"Leo imepanda vizuri," akasema.

"Imepona, fundi wangu!" Mzee alipaza sauti makusudi, ili jirani naye asikie. "Umeiweza. Mwenye gia mbovu aje kwako. Mimi nimekuja kukushukuru tu, na kukuaga, maana sina tena cha kukusumbulia."

Mpiga rangi akasimamisha kazi. "Alaa! Hatimaye!"

Fundi akaliendea gari. Alifungua boneti injini ikiwa inanguruma, akachomoa kijiti, akakifuta kwa tambara. Akakifuta tena, polepole, mpaka kwenye ncha. Kisha, bila kukirudisha tunduni, akakiinua mbele ya macho ya mzee, kikavu.

"Mafuta yamepungua, mzee wangu," akasema, kwa sauti ambayo hata mpiga rangi aliisikia. "Imenishinda tena. Uilete Jumamosi."